Bendera Haifeli

14 Septemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umepunguza kelele. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia bila hodi.

Nimefika chuoni kwako. Nasema kwako maana kila kona najiuliza kama nawe ulipita hapo, enzi hizo ukiwa na nywele. Chumba changu kina kitanda, meza na dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli. Karakana ya meno ya bandia iko ghorofa ya chini: meza kumi na mbili, kila moja na taa yake na moto mdogo wa gesi wa kuyeyushia nta. Harufu ya plasta mbichi ni ileile ya chumba chako cha kazi. Siku ya kwanza machozi yalinilenga.

Kutoka kwetu niko peke yangu. Mkuu wa chuo alipotukaribisha alilikosea jina la nchi yetu mara mbili ndipo akalipata. Nikasimama, wote wakanigeukia. Nikakumbuka ulivyosema siku ya kuniaga: "Hawataona msichana, wataona nchi nzima." Basi nikanyoosha shingo, na nchi nzima ikanyooka nami.

Wanasema kuna ukumbi wenye mbao za majina ya waliohitimu. Nikiupata nitapiga picha jina lako nimpelekee mama.

Mpwa wako,
Pengo

3 Oktoba

Mpwa wangu Pengo,

Marahaba. Mgongo upo, unakusalimu. Mama yako mzima, anamsomea barua yako kila anayepita mlangoni, hata wasiouliza.

Kazi zinaendelea. Jana daktari kaniletea mzee asiye na jino hata moja, anataka meno meupe ya kijana. Nikamwambia, baba, meno yatakuwa na miaka ishirini na uso una sabini, watagombana. Nusu ya mji huu inacheka kwa meno yangu, siwezi kujiharibia.

Sasa sikiliza. Usichelewe hata dakika. Viatu ving'ae. Usilalamike, na usiulize maswali ya kitoto mbele ya watu. Akikosea mwenyeji watasema fulani kakosea. Ukikosea wewe watasema watu wa huko ndivyo walivyo.

Huo ukumbi usihangaike nao. Mbao zile hupakwa rangi kila mara, majina hupotea. Wewe soma.

Mjomba wako

20 Novemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za nyumbani, habari za mgongo? Mimi mzima.

Ukumbi nimeupata, na hakuna jina lililopotea. Mwaka wako una majina saba kwa rangi ya dhahabu. La kwako halipo. Nimesoma mara tatu, nikatafuta mwaka wa nyuma na wa mbele. Nimekasirika, Mjomba! Mtu atoke mbali, asome, ahitimu, halafu wamruke hivihivi? Wiki ijayo naenda ofisini wakuandike. Hili nalivalia njuga.

Mitihani ya kwanza ni mwezi ujao. Masomo yako sawa.

Mpwa wako,
Pengo

6 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Ni wiki sita tangu nikuandikie, na sijapata jibu lako. Mama anasema hujambo na kazini unakwenda, ila nikitajwa mimi unaanza kutafuta miwani.

Ofisini nilikwenda. Mama wa kumbukumbu ni mpole, akashuka stoo akarudi na faili lako. Kuna picha yako, mwembamba kama msumari. Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja: hakurejea mwaka wa tatu. Nikamwambia wamekosea, picha ya mjomba akiwa na joho ipo sebuleni kwetu, nimekua nikiitazama. Hakubisha. Alinivutia kiti tu.

Sijamwambia mama wala sitamwambia. Nataka neno lako. Mimi masomo yako sawa.

Mpwa wako,
Pengo

17 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo salamu ni fupi, maana nikizirefusha sitafika ninakokwenda.

Faili linasema kweli.

Mwisho wa mwaka wa pili nilifeli somo moja. Moja tu, la kemia ya vifaa. Ikaja barua chini ya mlango: nionane na mwalimu kabla ya siku kumi na nne. Sikwenda. Siku tulipoondoka nyumbani tulipigiwa ngoma na kiongozi mmoja akatuambia, ninyi ndio bendera yetu. Nikajiambia, bendera haifeli. Nilikuwa kijana mpumbavu, lakini upumbavu huo niliuona ni uzalendo. Nilijua nikienda kwa yule mwalimu atasema, kumbe watu wa huko hawawezi kemia.

Nikahama chuoni kimyakimya, nikaosha vyombo kwenye jiko la hospitali mwaka mzima hadi ulipofika wakati wa kurudi. Joho la kwenye picha nililiazima kwa mwenzangu wa chumba, na kiunoni lilibanwa kwa pini. Cheti nikasema kimepotea safarini. Nikaja kusikia baadaye kwamba wenzangu wawili walifeli lilelile, wakaenda kwa mwalimu, wakapewa mtihani mwingine, wakafaulu. Wenyeji wote wawili. Hakuna aliyesema nchi yao haiwezi kemia.

Sikukujibu kwa sababu niliona haya mbele yako kuliko mbele ya mtu yeyote. Nisamehe.

Sasa zamu yako. Nimezisoma barua zako upya. "Masomo yako sawa." Mara mbili, bila kutaja somo wala mwalimu, nawe ni mtu wa kunieleza hadi maegesho ya baiskeli. Ndivyo nilivyokuwa nikimwandikia bibi yako. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Pengo, umefeli nini?

Mjomba wako

2 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Nimefeli kupanga meno. Si kemia, ni kazi ya mikono, kazi yako uliyonifundisha tangu nikiwa na pengo lenyewe! Magego ya juu na ya chini hayakukutana. Wana kifaa cha kupimia mkao wa taya ambacho sijawahi kukiona, na nilipokosa kukielewa siku ya kwanza sikuuliza. Siku ya pili nikaona aibu kuuliza cha jana. Hivyo hadi Desemba.

Barua yao niliificha ndani ya kiatu. Mwisho wa kuonana na mwalimu ulikuwa tarehe 31 Januari. Barua yako ilifika tarehe 28. Kuisoma niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye ngazi nikakulilia wewe, nikajililia na mimi.

Kesho yake nikaenda. Mwalimu ni mama mwenye sauti nzito, tunamwogopa sote. Nikamwambia sielewi kile kifaa na sijawahi kukielewa. Akavua miwani. "Miezi mitano hujauliza swali hata moja," akasema. "Nilidhani unatudharau. Nilidhani kwenu ndivyo mnavyofunzwa, kuwaona wengine si kitu."

Mjomba, nimejinyima kuuliza ili wasituseme vibaya, kumbe kwa kunyamaza ndiko nilikowapa la kusema.

Amenifundisha kile kifaa kwa nusu saa. Nusu saa tu! Narudia mtihani tarehe 9 Machi. Mama nimemwambia langu. La kwako sikuligusa, ni lako.

Mpwa wako akupendaye,
Pengo

24 Februari

Mpwa wangu Pengo,

Marahaba, tena marahaba ya moyo. Mgongo umetulia, sijui kwa nini.

Jumapili nilimwambia mama yako. Alinitukana kidogo, ni haki yake, ingawa mimi ndiye mkubwa. Nikainuka niitoe ile picha ukutani, akanishika mkono. "Iache," akasema. "Joho ni la watu, uso ni wako."

Jumatatu nikaenda kwa daktari aliyeniajiri. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, maana wagonjwa ni wake na jina la kliniki ni lake. Alikuwa ananawa mikono. Nikamwambia sina cheti, sikuwahi kuwa nacho, akitaka niondoke nitaondoka leo.

Hakugeuka. "Najua," akasema. "Niliandika chuoni mwezi uleule nilipokuajiri, wakanijibu. Kwani wewe ulidhani kwa nini miaka mitatu sikukuacha ufanye kazi bila mimi kuikagua? Sasa kazi yako naijua."

Nikamuuliza, mbona hukuniambia?

Akafunga bomba. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Miaka ishirini na tisa, Pengo, nimejificha kwa mtu aliyekuwa ananiona. Nilitoka nikasimama nyuma ya kliniki, mtu mzima na koti lake jeupe, nikalia kama mtoto.

Mtihani wako ni tarehe tisa. Ukifaulu, tuambie ukipata nafasi. Ukifeli, niandikie siku hiyohiyo.

Mjomba wako