Kwa Mama Shangazi Hawa, Kuhusu Waya wa Basi la Akram

Manika, Kolwezi
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Mpendwa Mama Shangazi,

Kifuniko cha sufuria kikianguka kwenye lami hakinyamazi mara moja. Kinazunguka kwa ukingo wake, kwanza polepole na kwa sauti nene, halafu haraka, haraka zaidi, mpaka kinalala. Nakisikia tangu asubuhi ile, hata nikiosha vyombo, hata katikati ya sala. Nimeanza na hicho kwa sababu ndiyo sauti pekee iliyosikika. Basi la mwanao halikutoa sauti yoyote.

Assalam aleikum, Mama. Magoti yanasemaje na baridi ya Dilolo? Dawa ya kupaka niliyokutumia ilifika, au iliishia njiani? Sisi huku ni wazima, isipokuwa kikohozi cha vumbi, ambacho mwezi huu hakimkosi mtu. Baba anakula vizuri. Hasemi nami, lakini anakula.

Uliponipigia simu Jumapili ulilia, ukaniomba jambo ulilosema ni dogo: ninyamaze. Akram ameshasema kwamba ule waya wa mlio wa basi uliachwa umechomoka na Gael, fundi wa gereji yao, na Gael ameshafungwa. Basi mimi nisiongeze neno. Sikujibu, nawe ukanishukuru. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungelia tena, nami siwezi kufikiri mtu akilia. Mukalay, anayepeleka chumvi huko, atakupa barua hii mkononi. Isome yote kabla hujampigia Baba.

Kazi yangu unaijua, ingawa majirani zako unawaambia mimi ni mwalimu. Nakagua mabasi ya abiria kwa niaba ya mji. Kanuni mpya zilipokuja, basi la dizeli linalotoa moshi kupita kipimo likakatazwa kubeba watu. Ndivyo basi dogo la Baba lilivyotolewa barabarani, na mkono uliolipima ulikuwa wangu. Wakati ule hukulia. Akram alikuwa amepata kazi kwenye mabasi ya umeme, ukachinja mbuzi.

Kanuni hizo hizo zinataka jambo jingine. Basi la umeme likienda kasi, matairi yanasikika. Likienda polepole, huwezi kujua kwamba lipo. Kwa hiyo ni lazima liwe na kipaza sauti kidogo mbele, kinacholia mpaka basi lishike mwendo. Huenda kuna miji ambako hicho ni pambo. Wewe umekaa Manika, unajua tunavyovuka. Lori la mgodi linapita, vumbi linafunika kila kitu, mtu anasimama na kutega sikio. Asiposikia injini, anavuka. Hakuna anayengoja vumbi litulie, kwa kuwa lori lingine liko nyuma. Hata mtoto anajua kuvuka hivyo.

Mlio wenyewe ulikuwa mwembamba, wa kupanda na kushuka. Siku ya kwanza nilikuwa ndani ya basi kwa ajili ya ukaguzi, na vijana wanaochimba madini ya betri kule mgodi wa Mashamba hawakumpa Akram nafasi ya kupumua.

"Tata shofere, mutoto yako analia, mupe titi."

"Sasa tunaenda ku Mashamba ao ku materinite, kwenye bamama banazalaka?"

Mmoja aligonga sakafu kwa kisigino, pale betri ilipo. "Mawe ya humu ni yangu, mi njo nilichimba. Unanililia nini?"

Basi zima lilicheka, na mimi pia. Akram hakucheka. Unamjua: njaa anaivumilia, kuchekwa hawezi. Ulimlea hivyo, ukimwambia kila siku kwamba anawapita watoto wa wengine.

Kila mara basi lake lilipoletwa kwetu kukaguliwa, lililia kama inavyotakiwa. Siku nyingine zote, sasa najua, halikulia.

Mama Tshibola aliuza maharagwe ng'ambo ya kituo. Asubuhi ile mimi nilikuwa kituoni nikingoja pikipiki, naye alikuwa anavuka kwenda mahali pake, sufuria kichwani. Lori likapita. Alisimama, akageuza uso kidogo bila sufuria kutikisika, akasikiliza. Nilimwona vizuri kabla vumbi halijamfunika. Hakukosea kitu. Halafu akavuka, na Akram alikuwa anaondoka kituoni polepole, kama wanavyofundishwa.

Wewe uliniambia kwamba hakuteseka. Sijui nani alikudanganya. Alikufa siku ya pili baada ya basi kumgonga, na alikuwa na akili zake mpaka mwisho.

Polisi waliniita nikague gari. Waya wa kipaza sauti ulikuwa umechomolewa chini ya usukani, ncha yake imezungushiwa utepe mweusi, na mwisho wa utepe umekunjwa pembetatu ili ukucha uupate upesi siku ya kuubandua. Niliutazama kwa muda mrefu, Mama. Baba alitufundisha kukunja vile, mimi na Akram, tukiwa tumelala chali chini ya basi lake. Gael nimefanya naye kazi. Yeye utepe anaukata kwa meno na kuuacha unaning'inia.

Baba aliita wazee wa ukoo Jumatatu, wakakaa sebuleni mpaka chai ikaisha.

"Gael hana mutu," Baba akasema. "Atakaa kidogo, batamuachilia."

"Na ule mama hakukuwaka wa kwetu," mzee mmoja akaongeza, akinyoosha kikombe nimjazie.

Nilimwonyesha Baba picha ya utepe kwenye simu. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Batu bengi banakunjaka vile," akasema, na kunirudishia simu bila kuniangalia. Hapo nikajua kwamba ameutambua kabla yangu.

Ni kweli Gael hana mtu. Hana wazee wa kuja kunywa chai yetu na kumwombea. Mliona hilo haraka sana, ninyi nyote, hata wewe uliye mbali na hujawahi kumwona.

Gloire, binti wa marehemu, anauza sasa palepale. Kifuniko ni kilekile, kimepinda, hakifungi, amekiwekea jiwe juu. Akram alipokuwa bado anaendesha alimsimamishia basi na kumwambia, "Pole, dada," naye akaitika. Hiyo ndiyo habari uliyoniambia kwa fahari, kwamba mwanao ana moyo. Ana moyo, Mama. Ana na mikono.

Basi linalia tena, na tangu jana dereva ni mwingine. Vijana wanacheka tena.

Nisalimie Baba Ramazani, mwambie begi lake nimelishona. Msalimie Zaina na mtoto wake mchanga, ambaye bado sijambeba. Mungu akupe usingizi, na ayape magoti yako nguvu ya safari, kwa sababu utataka kuja. Njoo. Kitanda changu ni chako, nitalala chini. Usilete blanketi la Akram, nimeshampelekea. Alilipokea na kunirudishia chakula.

Ndiyo, yuko ndani. Jana asubuhi nilikwenda parke, mbele ya mwendesha mashtaka. Baba alikuwa ametangulia na kuapa kwamba mkunjo ule si wa nyumba yetu. Akram alisimama kando yake, amevaa shati ulilomtumia kwa Idi. Mwendesha mashtaka akaniuliza ninajuaje kwamba Gael hakufanya. Niliomba utepe. Nikakata kipande, nikakizungusha kwenye kalamu yake, nikaukunja mwisho kama nilivyofundishwa, nikauweka mezani karibu na ule wa basi. Akram hakuniangalia usoni, aliangalia vidole vyangu. Gael alitoka kabla ya adhuhuri, kwa mlango uleule alioingiziwa Akram.

Binti uliyemnyonyesha ziwa moja na Akram, na anayekupenda leo kama jana,

Safi