Bolti Iliyorefuka

Mjukuu wangu Mwanamisi,

Salamu zikufikie huko Eldoret ukiwa mzima. Sisi huku Tiwi tu salama, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama bolti za hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, zikishafunguliwa zaweza kurudishwa. Nilipokuwa kijana huko Ramisi, mimi na rafiki yangu Mbwana tulifungua injini ya trekta la miwa. Mbwana alisimamisha bolti ya zamani kando ya mpya, tukaona ya zamani imerefuka. Akasema, "Hii imeshavutika. Ukiikaza itakuitikia, kisha itakuacha njiani." Tukatia mpya zote, tukianzia katikati kwenda nje. Mimi nilikaza, naye alitazama mshale wa spana ya kupimia mkazo. Nikiuliza, "Bado?" yeye alijibu, "Bado," mpaka aseme, "Basi."

Mbwana tulimzika mwaka jana, Mungu amrehemu. Juzi nilifunga hedi ya injini ya pampu ya shamba peke yangu. Mshale siuoni vizuri siku hizi. Kwa kila bolti niliuliza, "Bado?" kisha nikangoja kidogo, kama mtu atakayejibiwa.

Kama huko unaye wa kukutazamia mshale, mpe salamu zangu.

Babu yako,
Hamisi