Mshipi Wenye Chapa ya Ng'ombe

Nasieku mjukuu wangu, nakuamkia: takwenya. Huku Kajiado tuko salama, mvua imenyesha na mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kwa nini mikanda ya mikoba ya ngozi unayoshona na kuuza huko Kitengela inalegea, na kama uache hiyo kazi. Usiache. Angalia kwanza unakata wapi.

Nilipoolewa, babu yako alikuwa anakata mishipi kwenye ngozi ya tumbo. Tumbo la ng'ombe hujaa na kupungua kila siku, kwa hivyo ngozi yake huvutika. Wateja walirudi wameshikilia suruali. Ngozi ya nyuma, karibu na mkia, ndiyo ngumu, lakini hapo palikuwa na chapa ya mwenye ng'ombe, na babu yako aliogopa kuitwa mwizi. Nikachukua kisu nikakata mshipi hapo hapo penye chapa, nikamvisha, tukaenda sokoni.

Mzee mmoja akaushika ule mshipi. "Hii chapa ni yangu!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ngozi ulituuzia wewe mwenyewe. Sasa vuta."

Akavuta kwa mikono miwili, haukuvutika. Akaagiza wake.

Nimekutumia huo mshipi. Babu yako aliuvaa mpaka alipotuacha. Angalia matundu yake: lililochakaa ni moja tu, lile la siku ya kwanza.

Bibi yako, Koko