Betri Iliyotolewa Sadaka

Alhamisi, 3 Julai 2025 — Mbeya

Ushindi, ingawa nusu! Kampuni ya minara ya simu na kiwanda cha kuchakata betri wameketi meza moja nasi wanafunzi. Betri arobaini za minara, chakavu, zimelala kwenye ghala hapa mjini. Lori litazichukua Ijumaa ijayo zikasagwe. Nikasimama. Kwa nini tuzike kilicho hai? Betri iliyoshindwa kubeba mnara haijashindwa kuwasha zahanati! Bi. Mercy wa kiwandani akanikatiza: hotuba si kipimo, mdogo wangu, nionyeshe moja iliyofufuliwa, ifanye kazi siku mbili mfululizo. Mhandisi Lutengano wa minara akaafiki, akatukabidhi betri moja ya majaribio. Jumanne watakuja Iringa, kwenye karakana ya Fundi Sifaeli, mfufuaji wa betri. Ikifaulu, kila betri itapita kwanza kwa mafundi, kiwandani baadaye. Ikishindwa — lori.

Jumamosi, 5 Julai — Mlandege, Iringa

Baridi ya kukata masikio, na Fundi anaifurahia! Seli za betri amezilaza barazani usiku kucha. Asubuhi amezipima moja moja. Iliyolegea kwa baridi — nje. Nikamwambia hayo ni mapinduzi ya kisayansi. Akasema mapinduzi baadaye, shika bisibisi. Jioni imewaka! Tumeifunika kitenge, tukaiweka mlangoni kwa Fundi pamoja na inveta yake ya kugeuzia umeme. Nimeandika hotuba ya kurasa sita.

Jumapili, 6 Julai

Balaa! Leo Sikukuu ya Mavuno. Mama Paskalina, mke wa Fundi, aliwaagiza vijana wa kanisa wabebe sadaka yake: "vyote vya mlangoni." Wakabeba vyote — gunia la mahindi, majogoo wawili, betri na inveta. Mimi? Nilibaki nyuma ya nyumba nikikariri hotuba.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka uwanjani kama kawaida. Mzee Yotamu, mnadishaji, akaipigapiga betri kofi: hii haitagi, wapendwa, lakini umeme ukikatika mtanikumbuka! Nilipofika mbio, ilikwisha kununuliwa na Mama Eveline, mfugaji wa kuku. Fundi anacheka mpaka anashika mbavu. Nikamsihi airudishe. Akakataa katakata: kilichofika madhabahuni mimi sikidai, na wewe usinitie aibu. Mama Paskalina naye, kwa upole wa kuudhi: mwanangu, kwani wewe ulitoa nini?

Jumatatu, 7 Julai — Sabasaba

Nimekwenda kwa Mama Eveline. Kamwene, mama, nikamsalimu Kihehe. Nikamweleza haki, mazingira, viwanda, vizazi vijavyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mlango wa chumba cha uani. Mashine ya kutotolea vifaranga! Mayai mia moja, siku ya ishirini kati ya ishirini na moja. Transfoma ya mtaa iliungua jana saa tisa alasiri. Tangu hapo betri inabeba mashine peke yake. Fundi mwenyewe ndiye aliyeiunga — hakuniambia, eti nilikuwa nikipiga kelele. Mama Eveline akamaliza: ukichomoa waya huu, binti, utayaatamia wewe.

Nimehesabu. Kesho saa tisa, siku mbili kamili! Jaribio lilianza bila idhini yangu!

Jumanne, 8 Julai — kwa Mama Eveline

Naandika nyuma ya hotuba, daftari nimelisahau. Wageni wamefika karakanani, Fundi akawaleta hapa saa nane. Bi. Mercy amepima joto la betri, akauliza waziwazi: ikishika moto, nani atawajibika? Fundi akajibu: ndiyo maana nazitoa zilizolegea, na hizo nitakuletea wewe uzisage, dada — kila mtu na kazi yake. Bi. Mercy ametabasamu! Mara ya kwanza.

Saa nane na dakika arobaini. Yai moja lina ufa. Lutengano, mhandisi mzima, yuko magotini: tulieni jamani, linalia ndani! Mayai mawili. Saba! Mama Paskalina: sadaka imetaga.

Taa ya betri imegeuka njano, chaji inakaribia kwisha. Hakuna anayecheka tena. Fundi peke yake anatafuna muwa.

Lutengano ametoka nje, anapiga simu Mbeya. Namsikia: lile lori la Ijumaa msilipakie kwanza — hapana, nitaeleza — sauti hizo ni za vifaranga!

Zimebaki dakika tano. Kichwa kimoja kilicholowa kimetokeza. Bi. Mercy, macho kwenye saa, kalamu mkononi, ananiomba karatasi ya kuandikia matokeo. Ninazo hizi tu. Nitampa ukurasa wa sita — ule wa hitimisho.