Upande wa Pili wa Kiberenge

Marahaba, mume wangu mdogo Kulwa, na hilo swali lako limenichekesha hadi machozi: eti bibi na mume wake mpya, wazee wawili, wanaongea nini mchana kutwa! Hatujambo hapa Ngokolo. Mama yako amepona kabisa, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Tunaongea kiberenge. Mzee wangu Masanja anaunda kiberenge kidogo cha bati, kipite kwenye reli aliyoizungusha kwenye mchicha wetu. Anaiga kile kilichobeba abiria hapa zamani, alipokuwa kijana akikata tiketi pale stesheni. Alipima kila dirisha kwenye picha yake ya enzi zile. Kisha akakwama, maana picha ilipigwa kutoka upande wa stesheni, na upande wa pili hakuukumbuka. Alitaka kukiacha.

"Kule kulikuwa na madirisha matatu," nikamwambia, "na la mwisho lilizibwa kwa bati."

"Umejuaje, mke wangu?"

"Nilichunga ng'ombe ng'ambo ya reli. Nilikipungia mkono kila kikipita!"

Akaweka mkasi chini, akashangaa kwa Kisukuma. "Ng'wanawane! Kumbe ulikuwa pale pale, kiberenge kikanikinga nisikuone!"

Kulwa, niliona haya kama mwari. Miaka yote hiyo yeye alikuwa na nusu yake, mimi nusu yangu.

Jana kilizunguka mchicha bila kuanguka. Usione wivu. Kabla mwezi haujaisha tutakuletea huko Masumbwe, ukione pande zote mbili.