Niliyemkaribisha Kabla ya Baba Mdogo

Kijijini, ng'ambo ya tuta la mto,
mwezi wa kumi kwa kalenda ya wazee.

Dada yangu mpenzi Ngat,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi, nikitumaini zitakufika huko Kusini zikiwa bado na ubaridi kidogo, maana nasikia mnalia joto hata sasa. Mimi ni mzima. Mama mkwe, nimwitaye Mama tu, naye mzima, ni magoti tu yanayomsumbua asubuhi nikichelewa kumwashia seredani. Je, kifua cha shemeji kimepoa? Na wanao, bado wanaigiza namna ninavyosema Kikaskazini?

Barua yako ilinikuta uwanjani nageuza mpunga. Umeniuliza tena lile swali lako: mume wangu Luyen ameshafariki, mtoto sina, nangoja nini katika nyumba ya mama wa mtu, kwa nini nisihamie kwako? Safari hii jibu ninalo. Ila niache nilifikie kwa mwendo wangu. Unanijua, sijawahi kufika sokoni bila kupita kwa jirani.

Vuli ya mwaka huu imetutendea wema, nashukuru. Mpunga ulikauka bila kunyeshewa. Tulitwanga pepeta za mpunga mchanga tukala na ndizi mbivu, kama tulivyokuwa tukila utotoni. Mibalungi ilizaa mpaka tukaegemeza matawi kwa mianzi, na Mama akagawa mabalungi kwa kila mtu, hata kwa yule jirani anayemsema vibaya. Nilipomwuliza sababu, akanijibu kwamba mdomo ukijaa balungi hauna nafasi ya umbeya.

Kisha upepo wa kaskazini ukaingia ghafla kama kawaida yake. Jioni tulilala na shuka, asubuhi Mama alikuwa amevaa fulana zote alizo nazo. Akaanza kunigombeza: achari ya majani ya haradali niliyotia ni chumvi tupu, natembea pekupeku kama bata, nataka kufa nimwachie kazi ya kunizika. Dada, mimi huufurahia ugomvi wake. Kipupwe kile alichofariki Luyen hakunigombeza hata siku moja, na sijawahi kuona nyumba kimya namna ile.

Upepo huo ukija, huja Khoan, mpiga pamba. Nadhani nimewahi kukutajia, yule mtu mrefu anayebeba upinde begani. Hufumua mablanketi ya pamba yaliyogandamana, huipiga pamba kwa kamba ya upinde mpaka ikafutuka upya, kisha huyashona tena. Kazi yake huifanyia uwanjani kwetu kwa kuwa ni mpana, na kijiji kizima huleta mablanketi yake hapo. Ni mgane, wazazi wake hawapo tena. Maneno hana kabisa. Ukimwuliza kama atakunywa chai, hufikiri kwanza. Mama humtania, "We Khoan, pamba imekuingia mdomoni?" Naye hutabasamu tu, nyusi zimejaa manyoya meupe. Lakini mwaka juzi aliona mlango wetu wa jikoni unaburuza chini, akautengeneza bila kuambiwa. Mwaka huu nilijikuta nafagia uwanja kila asubuhi hata kabla upepo haujageuka.

Sasa sikiliza balaa langu. Siku ya kumbukumbu ya Luyen, Mama alimwita Khoan naye ale nasi, kwa kuwa si vizuri mtu afanye kazi uwanjani huku wengine wanakula ndani. Baba mdogo Tuc, mdogo wa marehemu baba mkwe, alikuja na mkewe. Ninyi huko Kusini mmeshaacha, mnakaa tu na kula, lakini huku bado hakuna anayegusa vijiti vya kulia mpaka mdogo awakaribishe wakubwa mmoja mmoja, kwa ngazi zao. Mimi nilikaa kwenye sufuria ya wali. Nikasema, "Karibu chakula, Mama." Hapo alipaswa kufuata Baba mdogo. Hata mtoto mdogo anajua. Nami nikasema, "Karibu chakula, Khoan."

Unaelewa, dada? Mezani kwetu, siku za kawaida, baada ya Mama alifuata Luyen. Ulimi ulipita njia yake ya kila siku, ila pale pa Luyen ukamkuta mtu mwingine. Na picha ya Luyen ilikuwa pale juu inatutazama, ubani unafuka.

Baba mdogo aliweka vijiti chini. "Kumbe nyumba ya kaka yangu imeshapata mwenyewe! Na sisi wenye ukoo hatuna habari." Masikio ya Khoan yaliiva. Mimi nilitamani kuingia ndani ya sufuria. Mama alichukua kipande cha kuku akakitia katika bakuli la Baba mdogo, akasema, "Kula, Tuc. Wali unapoa."

Siku zilizofuata nilikaribia kupanda treni nije kwako, na ningekuja kwa aibu, si kwa hamu ya kukuona. Niliogopa kwamba nimemvunjia Mama heshima ya mwanawe, na kwamba anatafuta tu namna ya kuniambia niondoke. Maana hakunigombeza tena. Nilizidisha chumvi kwenye achari makusudi ili anitukane. Akaila kimya.

Asubuhi moja nikamwona anaburuta blanketi letu la arusi, mimi na Luyen, ambalo halikutoka sandukuni tangu msiba. Nikasema moyoni, basi, napewa changu nishike njia. Mama alipita mbele yangu akalitupa miguuni kwa Khoan. Akamwambia alifumue lote, pamba ya zamani asiitupe, aichanganye na mpya, na upana ubaki ule ule wa watu wawili. Khoan, mtu asiyeuliza kitu, akauliza ni la nani.

"La binti yangu," Mama akasema. "Anaolewa. Ila huyo mwanamume mwenyewe hajaja kuposa. Nasikia ni bubu."

Kisha akamweleza kwa ukali kwamba atafute mzee mmoja wa kwao, aje na tambuu na popoo za posa, apitie lango la mbele, na asimletee mambo ya kuzungukia jikoni. Khoan aliinama kama anayepokea adhabu. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai, nikalia mpaka chai ikapoa.

Baba mdogo alipopata habari alikuja juu. Akasema haijapata kutokea, mkwe kuozwa na mama wa marehemu, tutachekwa hadi kijiji cha pili. Mama alimjibu mbele ya picha ya Luyen, "Mwanangu mmoja nimemzika. Huyu sitamzika yu hai." Mama akampa balungi aende nalo.

Basi ndiyo hayo niliyokuwa nayazungukia, dada. Nampenda Khoan. Nimempenda tangu ule mlango wa jikoni, na sikukuambia kwa sababu hata mimi nilikuwa sijajiambia. Mama ametupa ruhusa ya kwenda kuishi kwao Khoan. Nilimwambia Khoan sitamwacha Mama peke yake. Alifikiri, kama afikirivyo habari ya chai, akasema uwanja huu unafaa sana kwa pamba. Kwa hiyo jibu langu ni hili: siji. Nakushukuru kwa kuniwekea chumba miaka yote hii. Kujua kipo kulinitia nguvu ya kubaki.

Juzi Khoan na mzee wa kwao walikuja kuposa, na baadaye tukakaa kula. Nikaanza, "Karibu chakula, Mzee. Karibu chakula, Mama. Karibu chakula, Baba mdogo. Karibu chakula, Mama mdogo." Hapo nikakwama. Wote walitazama mabakuli yao. Mama akasema, "Bado mmoja. Malizia, mwanangu, nina njaa." Nikamalizia.

Arusi ni kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Mama atakaa kiti cha mama wa bibi arusi, na kile cha pembeni yake amesema hakikaliwi na mtu ila wewe. Njoo, tafadhali. Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na uwaambie shangazi yao wa Kikaskazini, namaanisha mama yao mdogo, amechanganyikiwa kwa furaha hata majina ya ukoo yanampotea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Thoa.

Nimesahau: usibebe blanketi. Mama aliniuliza mnajifunika nini huko, nikasema shuka. Alishtuka sana. La kwako Khoan analishona sasa hivi, na Mama amemsimamia kichwani, anamgombeza.