Amenikojolea

Jumatano, Januari 2008. Jua kali, vumbi, na harufu ya matairi yaliyochomwa. Hata nikifunga dirisha inaingia tu.

Leo nimenuniwa siku nzima na bado nimerudi nyumbani Kawangware nikiwa na furaha. Acha niandike kabla haijaniponyoka.

Kazi yangu ni kushauri vituo vya kulea watoto kuhusu afya, deikea kama tunavyoziita. Natazama kama watoto wananawa mikono, kama uji umeiva vizuri, kama kuna chanjo iliyorukwa. Kwa kifupi, nalipwa kuingilia mapishi ya watu. Kabla ya uchaguzi walinivumilia na kunitania. Lakini tangu mkubwa mmoja wa kwetu Ukambani akubali cheo katika serikali wanayosema imeiba kura, huko Kibera nimegeuka msaliti, mimi ambaye sijawahi kupewa hata soda kwenye mkutano wa chama.

Asubuhi Mama Shiundu alinipigia simu. Ana deikea ndogo kule Kianda, ndani ya Kibera, chumba kimoja cha mabati, na hana mchezo na watoto wa watu. Stano, mtoto wa jirani yake, alikuwa anaharisha tangu jana na macho yameanza kuingia ndani. Nikashika njia kwa miguu.

Nilimkuta Stano pale deikea, mapajani mwa mama yake, midomo imekauka, analia bila machozi. Ana mwaka mmoja na kidogo. Nilibana ngozi ya tumbo lake, ikarudi polepole. Nikauliza mara ya mwisho alikojoa lini. Mama Stano, ambaye kibanda chake cha samaki kilichomwa majuzi, aligeuzia uso ukutani. Mama Shiundu ndiye aliyesema, "Tangu jana jioni, Sista. Nepi ni kavu kabisa."

Niliogopa. Zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa, na nyuma yangu vijana walikuwa wameshaziba barabara kwa mawe.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa mazoea tu, nilitoa kichupa changu cha dawa ya kusafishia maji nikatia matone kwenye jagi mbele ya kila mtu. Harufu ya klorini ikajaa chumbani. Mtaa mzima ulikuwa umeshasikia uvumi kwamba maji yanatiwa sumu, na sasa hapa kuna Mkamba ameshika kichupa.

"Sista, hiyo pelekea watoto wa kwenu," Mama Stano akasema, akamfunika mtoto kwa leso.

Jibu lilikuja mdomoni, na lilikuwa kali. Niliumia. Nilikuwa nimetembea juani kwa ajili ya mtoto wake! Kisha nikaona jinsi alivyomkumbatia, mikono yote miwili, na hasira ikaniishia. Alikuwa anamlinda tu. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingemwamini mtu kama mimi.

Nikamwaga yale maji. Pakiti ya unga wa kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha nikairudisha mkobani bila kuifungua. Nikaenda kuketi kizingitini, nikawapa mgongo, mikono nimeiweka magotini ionekane haina kitu.

Nilimwomba Mama Shiundu achemshe maji ya Mama Stano mwenyewe, kutoka mtungi wa Mama Stano, na chumvi na sukari zitoke kwa Mama Stano. Nikaanza kuelekeza nikiwa nimetazama nje kama mwendawazimu. Lita moja. Sukari vijiko sita vya chai, visirundikwe. Chumvi nusu kijiko. Yapoe.

"Sasa onja," nikasema. "Chumvi isizidi ya machozi."

Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.

"Hiyo ladha naijua," Mama Stano akasema. "Mwezi huu wote ndiyo nakunywa."

Mama Shiundu alicheka kidogo, halafu nikawasikia wote wawili wakilia. Mimi pia nililia, kule mlangoni, nikikazia macho ukuta wa nyumba ya mbele.

Kijiko kimoja, wangoje. Kijiko kingine. Stano alitapika, nikawaambia watulie kidogo, kisha waanze tena polepole zaidi. Wapita njia waliniangalia kama mtu aliyefukuzwa na mumewe. Niliomba Mungu, na sikuomba kwa maneno ya kanisani. Niliomba mkojo.

Kivuli cha paa kilikuwa kimenifikia miguuni niliposikia kelele ndani. Mama Stano akatoka na mtoto begani. Gauni lake lilikuwa limelowa kuanzia mapajani, akalivuta mbele ili nilione vizuri.

"Sista, amenikojolea."

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilipiga makofi.

Hakuniomba msamaha, wala sikuutaka. Aliniuliza kama yale matone yangu yanaumiza tumbo la mtoto. Nikamwambia hayaumizi. Akasema bado hayataki. Basi endelea kuchemsha, nikamwambia, na umnyonyeshe, na kila akiharisha umpe tena. Akaitikia kwa kichwa. Nilipochukua mkoba akanifuata hadi kwenye kichochoro.

"Kesho utakuja kumwona?"

Nikasema nitakuja.

"Pitia huku nyuma, si kwa wale vijana. Na mtu akikuuliza unaenda wapi, mwambie unaenda kwa Mama Stano."

Kesho nitapita huko nyuma. Naogopa bado, sitajidanganya. Lakini nikiulizwa, nina jina la kutaja.